Mbwa, paka, njiwa au samaki: nani akae nawe nyumbani?

Mijini siku hizi wapo watu wengi wanaofungua mlango jioni na kuikuta nyumba vile vile walivyoiacha asubuhi. Mama ambaye wanawe wote wameshaondoka. Mzee aliyestaafu, akagundua kwamba marafiki zake wengi walikuwa wa kazini. Kijana aliyehamia Dar es Salaam au Nairobi kwa ajira, majirani anawajua kwa salamu tu. Siku moja mtu kama huyo husema, "Nataka nifuge kitu." Hapo mashauri humiminika: mwenye mbwa atamsifia mbwa, mwenye paka atamcheka mwenye mbwa, na binamu fulani atakuja na habari za kasuku anayeuzwa bei ya kutupa.

Nazungumzia mnyama wa kukaa naye, wa kampani na faraja. Mbwa wa kulinda ghala na kuku wa mayai wana hesabu zao nyingine. Nimechagua wanne ambao mtu wa kawaida Afrika Mashariki anaweza kuwapata na kuwalisha: mbwa, paka, njiwa na samaki wa tangini. Kasuku nitamgusia njiani, na nitasema kwa nini sikumpa nafasi yake.

Je, faraja hiyo ipo kweli, au ni maneno ya wapenda wanyama? Ipo, ila isitiwe chumvi. Mwaka 1980 nchini Marekani, Erika Friedmann na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 92 wa moyo kwa mwaka mmoja baada ya kutoka hospitali. Kati ya 53 waliokuwa na wanyama nyumbani, walifariki 3; kati ya 39 wasiokuwa nao, walifariki 11. Habari ile ilivuma sana, lakini tafiti zilizofuata zilitoa majibu yanayopishana, na sababu si ngumu kuiona: mwenye nguvu ya kumtunza mnyama huenda tangu mwanzo ana afya au kipato kumzidi asiyeweza. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha jambo dogo zaidi: mbwa na bwana wake wakitazamana machoni kwa muda, homoni ya oksitosini, ambayo inahusika pia katika mapenzi ya mama na mtoto mchanga, hupanda kwa wote wawili. Kwa hiyo mnyama asichukuliwe kama dawa ya presha wala ya sonona. Anayeumwa aende hospitali. Mimi namchukua kama mwenzako wa nyumba, na mwenza wa nyumba huchaguliwa kwa kuangalia mnavyoishi.

Vigezo kwanza

Kigezo ninachokitanguliza ni kile ambacho wengi hawajiulizi: unakosa nini hasa? Upweke una sura nyingi. Yupo anayekosa kitu cha kushika na kupapasa. Yupo asiyekuwa na sababu ya kutoka kitandani au kuvuka kizingiti cha mlango. Yupo anayekosa shughuli, mikono imezoea kazi na sasa haina. Na yupo anayetaka tu kitu kinachocheza machoni pake wakati wa jioni, asisumbuliwe. Wanyama hawa wanne hawajibu mahitaji hayo kwa namna moja, na mtu akikosea hapa, hata mnyama mzuri atamchosha.

Baada ya hapo nitawapima kwa muda wanaohitaji kila siku; kwa nyumba, yaani mwenye nyumba, majirani na dini za watu; kisha kwa pesa na afya, yao na yako. Umri wao nao nitauhesabu, kwa sababu ukimchukua mnyama leo unaahidi miaka.

Mbwa

Kampani yake. Kati ya wote hawa, mbwa peke yake ndiye atakayekutoa nje. Asubuhi atasimama mlangoni na kukutazama mpaka uone haya. Ukirudi, hata kama ulikwenda dukani tu, atakupokea kama mtu aliyetoka Hija. Husoma uso na sauti ya bwana wake, na ukiwa umelala unaumwa atalala karibu na kitanda. Kwa mtu ambaye maisha yamemwachia siku zisizo na ratiba, mbwa huirudisha ratiba kwa nguvu.

Ulaya husemwa kwamba mbwa humpatia mwenyewe marafiki njiani. Kwetu mambo ni tofauti kidogo: watoto hukimbia, watu wazima huvuka barabara. Hata hivyo walinzi wa mtaa, muuza magazeti na wenye mbwa wengine watakufahamu kwa jina la mbwa wako, na baada ya muda kwa lako.

Muda na matunzo. Huyu ndiye anayedai zaidi. Mtoto wa mbwa hawezi kuachwa peke yake kutwa nzima; mkubwa huweza kuvumilia saa sita au nane za kazi kama ametembezwa asubuhi na atatembezwa jioni. Ile desturi ya kumfungia bandani mchana kucha na kumfungulia usiku inatengeneza mlinzi mwenye hasira, na mtu anayefuga hivyo asitarajie faraja yoyote. Kama huna dakika 40 za kutembea kila siku, mvua au jua, soma habari za paka hapa chini.

Nyumba na majirani. Nyumba nyingi za kupanga hazimtaki mbwa, na za ua mmoja wenye wapangaji sita ndiyo kabisa. Muulize mwenye nyumba kabla, tena mbele ya shahidi au kwa maandishi. Pwani kuna suala la dini pia. Waislamu wengi wa mwambao wanafuata madhehebu ya Shafii, ambayo yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kumfuga kwa ulinzi, kwa mifugo au kwa kuwinda kumeruhusiwa, na hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyesamehewa madhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu inajulikana na wengi. Mbwa si adui, basi, ila jirani anayekwenda msikitini asilazimike kubadili kanzu kwa sababu ya mapenzi yako. Kamba mkononi, na ua uliofungwa.

Pesa na afya. Mbwa wa kilo 20 hula karibu nusu kilo ya chakula kilichopikwa kwa siku. Wengi wetu tunawapa ugali wa dona na dagaa, utumbo au vichwa vya samaki, na mbwa wa kienyeji hunawiri hivyo kama nyama haipungui. Jihadhari na mabaki ya mezani. Vitunguu maji na vitunguu saumu, ambavyo havikosekani kwenye mchuzi wetu, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na za paka. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kuchoma utumbo. Mtengee chake kabla hujaunga.

Gharama isiyokwepeka ni chanjo. Mtoto wa mbwa huanza kuchanjwa dhidi ya parvo, ugonjwa wa virusi, akiwa na wiki 6 hadi 8, akarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikie wiki 16 hivi. Parvo huua kwa kuhara damu na kutapika, ndani ya siku chache, na nimeona watu wakilia kwa kuruka sindano moja. Kupe nao ni vita vya mwaka mzima, hasa sehemu zenye joto.

Kisha kuna kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao ni wa Afrika na Asia. Chanjo hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na hurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo, kwa kawaida kila mwaka. Mara nyingi kampeni za chanjo ya bure au ya bei nafuu huwekwa karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Ulizia ofisi ya mifugo ya kata au kaunti. Na mtu akiumwa na mbwa yeyote asiyejulikana: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona mbwa atakuwaje, kwa kuwa dalili zikishamtokea mtu, kupona ni nadra mno.

Umri wake ni miaka 10 hadi 13. Wadogo wa umbo huzidi hapo.

Anamfaa nani. Mtu mwenye ua na miguu mizima, au familia yenye vijana wa kupokezana. Anamfaa sana aliyestaafu ambaye daktari amemwambia atembee na hatembei. Hamfai anayesafiri kila mwezi. Kuhusu aina, maoni yangu ni kwamba watu wanapoteza pesa kununua mbwa wa manyoya mazito ya nchi za baridi na kuwaleta kwenye joto la Tanga au Mombasa wahemee kwenye sakafu. Mbwa wa kienyeji aliyechanjwa na kufundwa tangu mdogo ni mwerevu na mvumilivu. Nairobi, KSPCA, shirika la Kenya la kuzuia ukatili kwa wanyama, wana mbwa na paka wanaotafuta nyumba.

Paka

Kampani yake. Paka hukupa mguso, ila kwa ridhaa yake. Atakaa mapajani saa nzima akinguruma kwa raha, kesho ataupita mkono wako kana kwamba hamjuani. Watu wanaodai paka hana mapenzi hawajamchunguza: paka wakubwa wao kwa wao hawalii "nyau" isipokuwa mara chache, sauti ile wamewawekea binadamu. Kila mwenye paka baada ya mwaka hujua lipi ni "nyau" la njaa na lipi la kutaka mlango ufunguliwe.

Na kuna faraja ya kumtazama tu. Hulala saa 12 mpaka 16 kwa siku, na kiumbe aliyelala kwa amani ndani ya chumba hukituliza chumba chote. Kwa mtu asiyelala vizuri usiku, jambo hili lina uzito zaidi ya linavyosikika.

Muda na matunzo. Chakula asubuhi na jioni, maji, sanduku la haja, na robo saa ya kucheza na kamba au kizibo cha chupa. Anaweza kuachwa kutwa. Ukienda kijijini kwa siku mbili, jirani mwenye ufunguo anatosha. Sanduku la haja si lazima liwe na mchanga wa kununua. Maranda ya mbao kutoka kwa fundi seremala yanafanya kazi ile ile, mradi yabadilishwe.

Nyumba na majirani. Hapa paka anawashinda mbwa kwa mbali. Pwani yetu ni nchi ya paka. Lamu wanazagaa vichochoroni na kwenye soko la samaki bila mtu kuwauliza, na jamii moja ya paka inayotambulika duniani, Sokoke, imetokana na paka wa msitu wa Arabuko-Sokoke huko Kilifi, waliopelekwa Denmark miaka ya 1980 na kufugwa huko. Kwa Waislamu, paka si najisi. Hadithi inawaelezea kuwa ni miongoni mwa wanaozunguka zunguka ndani ya nyumba zenu. Wenye nyumba nao humvumilia kwa sababu ya panya.

Tatizo la paka hutoka nje. Jirani akiweka sumu ya panya, paka wako atamla panya aliyelegea, na mara nyingi hurudi nyumbani kufa. Paka mweusi, katika mitaa mingine, bado hushukiwa uchawi na kupigwa mawe. Ukiweza kumfuga wa ndani, na wavu dirishani, ataishi miaka mingi zaidi: 12 hadi 15, na wengine hupita.

Pesa na afya. Paka ni mla nyama kweli kweli. Mwili wake unahitaji kirutubisho kiitwacho taurini, ambacho hukipata kwenye nyama na samaki; paka wa ugali na maziwa hudhoofika macho na moyo, na maziwa yenyewe huwaharisha wengi wakishakua. Dagaa, mabaki ya samaki, maini kidogo na nyama ya kuku visivyoungwa vinamfaa, na bei yake haitishi kwa sababu mwili ni mdogo.

Gharama kubwa ya mara moja ni kumfunga kizazi jike au kumhasi dume. Jike huanza kuita madume akiwa na miezi mitano au sita, hubeba mimba kama wiki tisa, kisha una paka watano, na baada ya miezi michache unawagawia watu wasiowataka. Dume asiyehasiwa atakojolea pazia na kurudi alfajiri sikio limechanika. Lifanye hilo kabla ya mambo kuanza. Hospitali za wanyama za vyuo, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, na madaktari wa mifugo wa mijini huifanya kazi hiyo.

Dawa mbili za kukumbuka: panadol, hata kipande, huweza kumuua paka, na dawa za kupe za mbwa zenye pemethrini ni sumu kwake, hata kama muuzaji wa duka la mifugo amekuhakikishia. Mjamzito hana haja ya kumfukuza paka kwa hofu ya toksoplasma, maambukizi yanayoweza kumdhuru mtoto tumboni. Vijidudu vilivyomo kwenye kinyesi huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo sanduku lisafishwe kila siku, tena na mtu mwingine wa nyumbani, na nyama iive vizuri, maana nyama mbichi nayo ni njia ya maambukizi hayo. Paka anachanjwa kichaa pia. Hili husahauliwa sana.

Anamfaa nani. Mpangaji wa chumba na sebule, mfanyakazi wa ofisi, mzee ambaye magoti hayamruhusu kutembea mbali. Hamfai mwenye pumu au mzio unaoamka kwa manyoya. Nenda kwanza ukakae jioni nzima kwa rafiki mwenye paka kabla hujaamua.

Njiwa

Kampani yake. Wapo watu wasiotaka kulambwa wala kukaliwa mapajani. Wanataka kazi ya mikono na kitu cha kukisubiri. Njiwa ni wa watu hao. Huishi wawili wawili, na jozi ikishapatana hudumu pamoja. Hutaga mayai mawili, huatamia kwa zamu siku 17 au 18, jike usiku na dume muda mrefu wa mchana, kisha wote wawili huwalisha makinda maji mazito yanayotoka kooni mwao, yaitwayo maziwa ya njiwa. Mtu aliyekalia kiti mbele ya kibanda akifuatilia haya hachoki. Halafu jioni unawafungulia, wanapiga mizunguko juu ya mapaa, na wanarudi kwako ilhali wangeweza kwenda popote. Kwa mstaafu mwenye uchungu wa kusahauliwa, kurudi kule kuna maana yake.

Muda na matunzo. Nusu saa kwa siku jumla: mtama, mahindi yaliyoparazwa, kunde au choroko, maji safi, na changarawe ndogo pamoja na maganda ya chaza yaliyopondwa. Kibanda kiinuliwe juu, kielekee kusikopigwa na mvua. Njiwa wageni wafungiwe wiki kadhaa kabla ya kuachiwa, la sivyo watarejea kwa mfugaji wao wa zamani, na hapo utawalipia mara mbili.

Nyumba na majirani. Kelele zao hazimkeri mtu. Kinyesi ndicho kinacholeta mashtaka, hasa mitaa inayokinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Kama jirani ana tangi la kukinga, au wewe unalo, njiwa wa kuachiwa si wazo jema.

Pesa na afya. Ni rahisi kuanza na jozi mbili. Idadi huongezeka upesi. Ukitaka isiongezeke, ondoa mayai mapema. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, huwapata njiwa kama kuku, na mwewe na paka ni maadui wa kila siku. Kwako wewe hatari ni vumbi: kusafisha kibanda kikavu bila barakoa kwa miaka huumiza mapafu. Lowesha kwanza, kisha fagia.

Njiwa aliyetunzwa vema hupita miaka 10.

Anamfaa nani. Mwenye uwanja au paa tambarare na muda wa asubuhi. Kijana wa miaka 12 mwenye udadisi hufundishika uwajibikaji hapa kuliko kwa mawaidha. Hamfai mwenye maradhi ya mapafu.

Sasa yule kasuku wa binamu. Kasuku wa kijivu ni mwerevu ajabu na huongea, lakini huishi miaka 40 hadi 60, na akikosa watu wa kukaa naye hujinyonyoa manyoya mpaka ngozi ibaki wazi. Wengi wao walitolewa misitu ya Kongo kwa gundi na nyavu. Tangu Januari 2017 wamo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, maana yake biashara ya kimataifa ya waliotegwa porini imepigwa marufuku, na kumiliki ndege wa porini bila kibali huku kwetu ni kosa. Anayeuzwa kichochoroni kwa bei ya kutupa hana karatasi. Mtu mpweke wa miaka 60 akimnunua, amemrithisha mtu mwingine upweke wa ndege.

Samaki

Kampani yake. Samaki hakujui sana, ingawa wengine huja kiooni wakiona kivuli cha anayewalisha. Anachokupa ni utulivu wa macho. Tafiti za Marekani za miaka ya 1980 ziliona shinikizo la damu likishuka kwa watu waliokaa kutazama tangi, na aliyewahi kusubiri zamu kwa daktari wa meno mbele ya samaki anaweza kuamini. Kwa mtu anayetafuta wa kumpokea mlangoni, samaki atamuongezea upweke.

Muda na matunzo. Kulisha ni dakika mbili. Kazi ni maji. Badilisha karibu robo kila wiki, na maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha au tumia dawa ya kuiondoa. Tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kabla bakteria wa kusafisha amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, hawajatosha. Anayejaza samaki 15 siku ya kwanza huwatoa mmoja mmoja wiki ya pili. Umeme ukikatika pampu husimama. Kwa mitaa ya mgao, samaki aina ya beta anafaa kwa kuwa huweza kuvuta hewa juu ya maji, na wale wadogo waitwao gapi ni wavumilivu. Wale mbuna wa rangi kali wa Ziwa Nyasa, fahari yetu, ni wagomvi na wanataka tangi kubwa. Si wa kuanzia. Na samaki wa dhahabu kwenye bakuli la duara ni ukatili: angeweza kuishi miaka 10 na zaidi, pale humaliza miezi.

Nyumba, pesa na afya. Hakuna mwenye nyumba anayewakataa, hakuna manyoya, hakuna mzio. Gharama iko mwanzoni. Lita 100 ni kilo 100 bila kioo, kwa hiyo meza iwe imara, na siku ya kuhama utajuta kidogo.

Anamfaa nani. Mwenye mzio, anayefanya kazi zamu ndefu, nyumba yenye mgonjwa wa kulala kitandani anayehitaji kitu cha kutazama.

Safari na msiba

Jambo hili huulizwa mwisho, wakati mnyama keshanunuliwa. Idi au Krismasi nani atabaki naye? Samaki wakubwa hustahimili siku chache bila chakula, paka na njiwa huangaliwa na jirani, mbwa huhitaji mtu hasa. Ukiwa na mpango wa kuhamia Ulaya, fahamu kwamba mbwa au paka kutoka Kenya au Tanzania anatakiwa kuwa na chipu ya utambulisho chini ya ngozi, chanjo ya kichaa, kipimo cha damu kisichopungua siku 30 baada ya chanjo, kisha miezi mitatu ya kusubiri. Anza mapema, au usianze kabisa.

Kuhusu kufa: watu wetu huwacheka wanaomlilia paka. Wache wacheke. Ila mwenye umri mkubwa akae na ndugu waelewane mnyama atakwenda kwa nani, na afikirie kuchukua mbwa au paka aliyekwisha kukua badala ya mtoto.

Ukiwa katika hali hii

Unaishi peke yako kwenye nyumba ya kupanga, unatoka saa moja asubuhi na kurudi saa moja usiku: paka mkubwa aliyehasiwa, au samaki kama una mzio. Mbwa kwa ratiba hiyo ataumia.

Umefiwa na mwenza na siku zimekuwa ndefu: kama una ua na miguu inakubali, mbwa wa makamo atakuamsha. Kama hutaki kufungwa na kiumbe mwenye kudai hivyo mwaka huu, jozi mbili za njiwa zitakupa shughuli bila kukuganda.

Una watoto chini ya miaka mitano: samaki, au paka mwenye uvumilivu wa kujulikana. Mtoto mdogo na mbwa wasiachwe peke yao hata kama mbwa ni mpole. Watoto wakifika miaka minane, rudi kwenye suala la mbwa.

Unaishi na wazazi wanaoswali na hawataki mbwa ndani: msibishane. Paka ana nafasi yake tayari katika nyumba hiyo, na njiwa wana yao uani.

Una mgonjwa wa muda mrefu nyumbani: muulize yeye. Wengine wanataka kitu chenye joto pembeni, wengine hawataki kuguswa hata na shuka. Daktari wake aulizwe pia kama kinga ya mwili imeshuka, kabla ya paka, mbwa au ndege.

Huna uhakika hata kidogo: omba kumtunzia mtu mnyama wake wiki mbili atakaposafiri. Utajua siku ya nne, saa kumi na moja alfajiri, sanduku la haja likinuka au mbwa akikwaruza mlango.